Jin wako wa PS1 yupo, ila kahamia kwenye mwili mwingine

Kamwene mdogo wangu, na karibu tena kwenye gemu hata kama umerudi kwa kichapo.

Swali lako nalirudia kwa kifupi ili na mwingine anayesoma aelewe. Unasema ulijifunzia Tekken 3, gemu ya ngumi, huko Mafinga kwenye kibanda cha PS1, shilingi mia mchezo mmoja, aliyepigwa anashuka, na ikafika mahali we hushuki mpaka mwenye kibanda anakubembeleza upishe wenzio. Mtu wako alikuwa Jin. Baadaye maisha yakakushika, mara kazi za mbao mara familia, ukaacha kabisa, mpaka juzi umekuja kwa shemeji yako hapa Mbeya ukakuta PS5 na Tekken 8, ukamchukua Jin kwa kujiamini, na mtoto wa miaka kumi na tatu akakutandika tatu bila. Ngumi ya umeme niliyoizoea haitoki, unasema, kinatoka kitu kingine, kombo zangu (mapigo ya kuunganisha) zimeyeyuka, hata nguo sio zile, kwanini wanambadilisha mtu kila toleo na Jin wetu alienda wapi? Na chini umeongezea kwamba kaka yako anamuulizia Eddy, yule wa mateke.

Mi nina chumba cha gemu maeneo ya Mafiati na mchana natengeneza pedi, kwa hiyo hii kesi naijua, wanakuja wengi wa umri wako wameshika pedi kama wameshika picha ya marehemu.

Ila kabla ya yote nikuulize kitu kimoja cha kijinga: una uhakika hukugusa L1? Kuna dereva mmoja wa Noah za Tukuyu alikuja akanilalamikia pedi mbovu, kila akibonyeza pembetatu Jin anamwaga kombo nzima ambayo yeye hajaiomba, nikampa pedi ya pili ikawa vilevile, nikampa ya tatu hivyo hivyo, nikaanza na mimi kuogopa, kumbe jamaa anashika pedi kizamani, kidole cha shahada kimelala juu ya L1 muda wote. Sasa Tekken 8 wameweka mtindo wa kuwabeba wageni, unaitwa Special Style, na ukigusa L1 katikati ya pambano unawaka. Ukishawaka zile batani nne haziwi tena zile tulizofundishwa, yaani mraba mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, X mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia, badala yake kila moja inakupikia kitu kizima. Ukiona michoro ya batani imejitokeza pembeni ya skrini ujue umewasha, gusa tena L1 inazima. Nusu ya watu wanaoniambia Jin kaharibiwa nawazimia hiyo tu wanaondoka wanacheka.

Lakini wewe nadhani ni ile nusu nyingine, maana umesema kinachotoka ni "ngumi nyingine", na hapo uko sahihi kabisa. Jin wa sasa hapigi kama Jin wa PS1, na hilo halijaanza juzi na Tekken 8. Limeanza 2001.

Mlango ambao we hukuuona ni Tekken 4. Ilitoka kwenye mashine za sarafu 2001, PS2 mwaka uliofuata, na huku kwetu wengi tuliiruka, tulikomaa na Tekken 3 kwenye PS1 mpaka CD zikawa na mikwaruzo kama ubao wa kukatia nyama, alafu PS2 zilipoingia mitaani watu wakadaka Tekken 5 moja kwa moja. Kwa hiyo ni kama umetoka sebuleni mtu ana shati jeupe, unarudi ana la kijani, na hukumuona akibadilisha.

Ngoja nikuchukue nyuma kidogo, maana hapa ndo penye utamu. Jin uliyempenda hakuwa na ngumi zake. Fikiria mtu aliyekuwa anacheza Tekken 2 mwaka 1996, mtu wake ni Kazuya, amejifunza ile kutambaa chini kwa haraka, ile ngumi ya kupandisha, mitama ya kuzunguka. Inakuja Tekken 3 (mashine 1997, PlayStation 1998) Kazuya hayupo, hadithi inasema baba yake Heihachi alimtupa kwenye volkano, na kwenye nafasi yake amesimama kijana wa miaka 19, mwanae, ana ngumi za baba na vitu kadhaa vya mama yake Jun. Yule mtu wa Kazuya alijisikia hivyo hivyo unavyojisikia wewe leo. We ulimpokea Jin kama wa asili kwa sababu ndo wa kwanza kukutana nae.

Na sio Jin peke yake, Tekken 3 nzima ni kama kikao cha warithi baada ya matanga. Ukiangalia kioo cha kuchagulia, Law wa pale ni Forest, mtoto wa Law wa zamani, kachukua mateke ya baba yake. Hwoarang ni mwanafunzi wa Baek. Julia kalelewa na Michelle. King ambaye wewe ulikuwa unamuona ni mtu mmoja tu mwenye kichwa cha chui, yule wa kwanza alishauawa, huyu ni mwingine, yatima aliyelelewa na huyo wa kwanza, akavaa barakoa na kurithi mieleka yake yote. Hata dubu, Kuma wa Tekken 3 ni mtoto wa Kuma! Walisogeza hadithi mbele miaka mingi wakabadilisha sura, ila mapigo wakayaacha yatembee.

Hili likikaa kichwani mengine yote yanakuwa mepesi: kwenye gemu za ngumi mapigo yanaishi kuliko watu. Mtengenezaji hapendi kutupa pigo ambalo vidole vya watu wamelizoea miaka mitano, anachofanya analihamisha. Kwa hiyo ukirudi baada ya miaka mingi usitafute sura, tafuta mapigo yako yamehamia kwa nani.

Haya, turudi 2001. Kwenye Tekken 4 wakamrudisha Kazuya. Tatizo likaja hapo hapo, sasa una babu Heihachi, una baba Kazuya, una mtoto Jin, watu watatu ukoo mmoja, wote wanatambaa vilevile na kupandisha ngumi ile ile, kwenye gemu moja. Mchezaji atachagua nini sasa? Atachagua nguo tu. Kwa hiyo mmoja ilibidi ahame, akahama Jin. Kwenye hadithi wakaeleza kwamba baada ya babu yake kumpiga risasi mwisho wa Tekken 3 alichukia damu ya ukoo wao wa Mishima mpaka mwisho, akakimbilia Brisbane kule Australia, akakaa miaka miwili anajifuta mtindo wa ukoo na kujifunza karate ya kawaida kutoka mwanzo. Hadithi nzuri, mi naipenda, ila maoni yangu ni kwamba karakana ilitangulia na hadithi ikafuata nyuma na kitambaa cha kufunika. Walihitaji Jin apige tofauti, wakatafuta sababu ya kumfanya apige tofauti.

Na ukimuangalia kwa makini Tekken 4 mwili mzima umebadilika, hawakugusa listi ya mapigo tu. Jin wako alikuwa anasimama ameinama kidogo kama chui anayenyemelea kuku. Huyu mpya amenyooka, miguu imepandwa, mikono mbele, anapokea pigo na kulipeleka pembeni, ngumi zake ni fupi na zimenyooka. Mavazi nayo yakafuata. Kwenye PS1 ulikuwa na memori ya megabaiti mbili tu, mtu anajengwa kwa vipande vichache vya pembe, huwezi kumchorea mkunjo wa shati, ndo maana Jin wa pale ni kifua wazi na suruali nyeusi yenye moto uliochorwa mguuni: doa kubwa la rangi unaloliona hata kwenye tivii ya chogo yenye chenga. Ilipokuja PS2 kitambaa kikaweza kuchezacheza, wakampa koti la kofia, akaingia ulingoni uso umefichwa, na hapo hapo umeshaelewa huyu mtu anajificha na kitu. Hiyo kofia imekuwa ikirudi rudi mpaka leo. Tekken 6, akiwa bosi wa kampuni ya ukoo, wakamvalisha koti refu jeusi la ngozi. Nywele tu ndo hazijawahi kulala.

Kwa bahati mbaya kwenye Tekken 4 walimkolezea chumvi, Jin mpya akawa mkali kupita kiasi, kwenye mashindano watu wakawa wanamchukua yeye yeye, ikabidi matoleo yaliyofuata wampunguze.

Sasa Tekken 5, mashine 2004, PS2 2005. Hapa ndo jibu la swali lako lilipo. Unakumbuka mwisho wa Tekken 3, ile video ya Jin kuota mabawa meusi akaruka? Kwenye Tekken 5 wakamtoa yule wa mabawa akawa mtu kamili wa kuchagua, Devil Jin, pembe kichwani na mwanga unaotoka kwenye paji la uso. Na mkononi wakamuwekea nini? Mapigo ya Jin wa Tekken 3! Ile kutambaa, ile ngumi ya umeme, ile mitama. Kaka, Jin wako hajafa, kahamia kwa Devil Jin na yupo kwenye Tekken 8 bure kabisa, kwenye wale 32 wa mwanzo, hanunuliwi. We ulichagua jina badala ya mapigo. Jin wa kawaida ana njia yake na ni mzuri sana, lakini ni mtu mwingine, ni kama umeenda kwa fundi cherehani uliyemzoea ukakuta amekuwa fundi viatu, duka lile lile.

Ila nisikudanganye ukadhani ukimchukua Devil Jin tu basi vidole vitakumbuka kila kitu, maana hiyo ngumi yenyewe inabidi tuiangalie kwa karibu, wengi wetu enzi za PS1 tulikuwa tunaipata kwa bahati tukajiita wataalamu.

Ukiwa umeangalia kulia: gusa mshale wa mbele, achia (watu wanasahau kuachia, kidole kinaburuzwa tu), gusa chini, viringisha mpaka pembe ya chini-mbele, na pembetatu. Hiyo ndo ngumi ya kawaida ya kupandisha, hata bibi anaweza akifundishwa wiki moja. Ya umeme ni hiyo hiyo, ila pembetatu lazima iguse sawasawa na wakati kidole kinaingia kwenye ile pembe ya chini-mbele, fremu moja, yaani picha moja ya gemu. Gemu linatembea fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo dirisha lako ni sehemu moja ya sitini ya sekunde, ukiwahi haitoki, ukichelewa inatoka ile ya kawaida bila cheche. Faida yake nayo ni kubwa, ya kawaida adui akiikinga we ndo unakula adhabu, ya umeme hata akiikinga bado unabaki mbele yake, zamu ni yako. Ndo maana watu wanaumiza vidole miaka. Na usisahau inapita juu, mtu akichuchumaa inampita kichwani umebaki umeinua mkono kama unaita bodaboda.

Hapa kwetu kuna kitu kingine ambacho wenzetu wa Dar hawakijui. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi, baridi ya Uyole au hiyo ya kwenu Mafinga, kidole gumba hakiwezi umeme. Hakiwezi. Mi nina chupa ya chai pale kaunta, sio ya kunywa, watu wanashikilia kikombe dakika mbili ndo wanashika pedi. Kuna dogo anasema umeme wa Jin na umeme wa ukutani yote inategemea siku.

Kingine kilichokupiga kwa yule mtoto, na hiki hakihusu Jin, ni kwamba gemu lenyewe limebadilika chini ya miguu yako. Tekken 3 mtu ukimrusha hewani unamuongezea mapigo matatu manne anashuka, basi. Tekken 6 wakaleta kumgongesha chini akadunda ili uendelee nae, Tekken 7 wakabadilisha wakaweka kumzungusha hewani kama chapati, Tekken 8 mzunguko huo wanauita Tornado, kwa hiyo kombo ya leo ni ndefu, inakupeleka mpaka ukutani, na ukuta wenyewe Tekken 3 haukuwepo. Ukitumia kombo yako ya zamani inampiga kweli, ila unamchukulia damu kidogo wakati yeye akikushika mara mbili raundi imeisha. Alafu kuna Heat, kila raundi kila mtu ana nafasi ya kuiwasha, na ikiwa imewaka hata ukikinga damu inapungua kidogo kidogo, wakati sisi tulizoea ukikinga hupungui hata tone. Ile kukaa nyuma umeshikilia mshale wa nyuma ukisubiri adui akosee, ambayo ndo ilikuwa siri ya nusu ya mabingwa wa vibanda, wameiua makusudi. Mi binafsi sijaipenda sana, naona inawabeba wenye papara, lakini ndo gemu lilivyo.

Sasa kaka yako na Eddy. Mwambie namsalimia na najua alikuwa anafanya nini, alikuwa anatwanga X na duara kama anatwanga kisamvu, macho kafumba, na anashinda. Usione aibu, wote tulipigwa hivyo.

Eddy alikuja na Tekken 3, Mbrazili wa kapoera, na mateke yale sio ya kubuni mezani, walimvalisha vifaa vya kunasa mwendo bwana mmoja mwalimu wa kapoera kutoka Brazil, Marcelo Pereira, akapiga mwenyewe, mashine ikachukua. Ndo maana mpaka leo ukimuangalia Eddy wa PS1 pamoja na ubovu wa picha, mwendo wake unaonekana wa mtu kweli, uzito unahama kutoka mguu kwenda mkono kama inavyotakiwa. (Kapoera yenyewe ina mzizi huku kwetu Afrika, waliitengeneza watumwa waliopelekwa Brazil, na mtindo wake mmoja mpaka leo unaitwa Angola.) Kutwanga kulifanya kazi kwa sababu teke lake moja linamuacha amelala chini, lingine linamuacha amesimama kwa mikono, na kutoka popote pale batani yoyote ya mguu inazaa teke lingine, mara la juu mara la miguuni, na sisi enzi hizo nani alikuwa anajua kukinga chini? Tulikuwa tunashika nyuma tu.

Na angalia mapigo yake yalivyotembea. Kwanza humo humo Tekken 3 kuna Tiger, yule wa afro wa disko, ambaye ni Eddy aliyevalishwa nguo nyingine, hana teke hata moja la kwake. Tekken 4 akaja dada mmoja, Christie Monteiro, mjukuu wa yule mzee aliyemfundisha Eddy kapoera gerezani, mwanafunzi wa Eddy mwenyewe, na kachukua mateke yote. Safari hii yakageuka, Eddy ndo akawa nguo ya ziada ya Christie! Mwalimu kawa vazi la mwanafunzi. Baadae wakatenganishwa, na Tekken 7 ya nyumbani 2017 ikamleta Eddy bila Christie. Kwenye Tekken 8 Eddy hakuwepo siku ya kwanza, aliongezwa Aprili 2024, na huyo ananunuliwa, kwa hiyo kama kwa shemeji yako haonekani msibishane na mtoto, hajalipiwa tu. Mateke yake bado yapo, ila kila toleo wamekuwa wakiongeza bei ya kukosea, teke la chini likikingwa leo Eddy anabaki mgongo wazi anakula kombo ya kutoka hapa mpaka Igawa, kwa hiyo kutwanga kunashinda watoto wa darasa la tatu tu. Akitaka kurudi itabidi ajue kwa jina teke gani linamuacha amelala na lipi linamuacha kwenye mikono.

Usidhani ni tabia ya Tekken pekee. Mortal Kombat 1992 Scorpion na Sub-Zero walikuwa mtu mmoja aliyepigwa picha akabadilishwa rangi, njano na bluu, ili kuokoa memori na kazi, alafu toleo la pili Sub-Zero uliyemuona ni mdogo wake, yule mkubwa alishakufa. Street Fighter nako Ken alianza kama Ryu wa nguo nyekundu, kidogo kidogo wakamsukuma mbali, ikafika 1993 apakati yake, ile ngumi ya kupandisha, inawaka moto na ya Ryu haiwaki. Shida ni ile ile, watu wawili wenye mapigo sawa, lazima mmoja ahame.

Kitu cha mwisho ambacho enzi zako hakikuwepo kabisa. Tekken 3 ilipochomwa kwenye CD ilikuwa imeisha, Jin wa Mafinga ndo Jin wa Tukuyu ndo Jin wa Tokyo. Leo mtu anabadilika humo humo ndani ya toleo moja bila kusubiri lingine, apdeti inakuja usiku asubuhi pigo lako limepungua nguvu. Aprili 2025 walianza msimu wa pili wa Tekken 8 wakabadilisha vitu vingi kwa wahusika wote, wachezaji dunia nzima wakaja juu, na ikabidi watoe marekebisho ya haraka. Sasa weka hilo kwenye mazingira yetu ya bando. Mi hapa nina PS5 mbili, moja naipa intaneti kila wiki, nyingine ipo kwenye kona ambayo mtandao unafika kwa kusuasua na apdeti ni gigabaiti nyingi, kwa hiyo imebaki nyuma miezi. Juzi madogo wawili nusura wapigane kweli, mmoja anasema teke la Jin likikingwa unaadhibiwa, mwingine anasema huadhibiwi. Wote walikuwa wakweli, kila mmoja na mashine yake. Kwa hiyo ukicheza kwa shemeji muulize kwanza lini aliapdeti, isije ikawa unajifunza Jin wa mwaka jana.

Ukiniuliza mi ufanye nini, mchukue Devil Jin, ingia kwenye mazoezi peke yako, zima kombo zote kichwani, piga umeme tu, upande wa kulia mara ishirini na upande wa kushoto mara ishirini, maana wengi tunaujua upande mmoja, adui akihamia nyuma yako tumekwisha. Washa ile sehemu inayoonyesha mishale unayobonyeza, utaona wapi kidole kinaburuza badala ya kuachia. Ukiona umeme haukai kabisa na mzunguko wenyewe unakuja vizuri, usijilaumu, ingia kwa Kazuya, ile ngumi ya kupandisha ilikuwa yake kabla haijawa ya Jin. Pedi ya shemeji yako kama fimbo inateleza yenyewe tumia mishale ya msalaba, usitumie fimbo, na kama mishale nayo imelegea niletee nibadilishe kile kimpira cha ndani, ni kazi ya nusu saa. Njoo asubuhi siku ya shule, madogo wakiwa darasani, jioni hupati nafasi, na ukipata utakutana na yule yule wa tatu bila, maana huwa anashinda hapa.